Wembe Mmoja wa Ukoo wa Ngassa

Advera Ngassa alikuwa na ulimi mkali, wala hakuona sababu ya kuutia adabu. Katika maabara ya Tabora mjini alikofanyia utafiti wa homa ya ini, vijana walimwita Daktari Pilipili wakidhani hajui. Alijua, na jina hilo lilimpendeza kuliko vyeti vyake. Kwa miaka mingi alikuwa amezunguka vijiji vya wakulima wa tumbaku, akiwatoa watu damu, akiipima, kisha akirudi kuwaambia nani anaishi na kirusi na nani hana, nani aanze vidonge na nani afuatiliwe kwa vipimo tu. Kazi hiyo ilimfundisha mengi kuhusu maini na mengi zaidi kuhusu watu, na katika hayo mawili ni maini aliyoyaheshimu.

Wakubwa ndio aliowadharau kwanza. Alishakaa kwenye semina zao za kutosha: bango lenye picha ya ini kubwa kama godoro, mgeni rasmi anayechelewa hadi chai ipoe, hotuba ya mikakati, sambusa, picha ya pamoja. Jioni yule yule aliyeongoza mada ya kulinda ini utamkuta bustanini, meza imejaa chupa, shingo inamtoka jasho la nyama choma. Advera alikuwa akipita karibu na meza ya namna hiyo, anasimama na kusema, "Mheshimiwa, naona unaendelea na utafiti," kisha anaenda zake kabla mtu hajapata la kujibu.

Waliofuata walikuwa wauza dawa ya kusafisha ini, wale wa stendi wenye kipaza sauti na chupa za maji ya kijani. Aliwahi kuwaacha abiria wa basi la Mpanda wakicheka hadi wakashika mbavu, alipomwambia muuzaji mmoja kwamba ini si sufuria, halisuguliwi. Lakini aliokuwa nao mkali kupita wote ni wasomi wa mjini waliomjia ofisini, wakafunga mlango, wakanong'ona: "Daktari, nipime, ila jina langu usiliandike." Wengine walivaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hao aliwasimulia wenzake kwa mbwembwe zote, akiwaigiza sauti na mwendo. "Mtu analionea huruma jina lake," alisema, "ini lake hana habari nalo!"

Dharau hiyo ilikuwa na mahali ilipokoma, napo ni kwenye komeo la mlango wa chumba chake, mtaa wa Gongoni. Huko ndani kulikuwa na kichupa kilichobanduliwa karatasi yake, na kila jioni Advera alimeza kidonge kimoja kutoka humo, mlango ukiwa umefungwa. Kirusi alikuwa nacho mwenyewe. Alikigundua akiwa mwanafunzi, siku waliyofundishwa kupima na kila mmoja akapima damu yake. Alikichukua kile kipimo, akakitumbukiza mfukoni, akamwambia mwalimu kwamba kimeharibika. Tangu hapo hakumwambia mtu. Nani angemuuliza? Daktari haulizwi damu yake.

Kwao ni kijijini, upande wa Urambo, kando ya njia ya zamani ambayo misafara ilipitia na nguo na shanga kwenda Ujiji, na ambayo siku hizi ni njia ya malori ya tumbaku. Kaka yake Silasi alibaki huko kulima, akawa pia katekista wa kigango. Alikuwa mtu mpole, asiyeonja hata togwa lililochachuka. Tumbo lilipoanza kumvimba na macho kugeuka manjano, waumini wenzake walisema anakunywa gongo kwa siri. Majirani wasio wa kanisani walikuwa na lao: katupiwa uchawi. Silasi aliwasikiliza wote, kama ilivyokuwa kawaida yake, akaanzia kwa mfumu, kama wanavyomwita mganga huko, mzee mmoja aitwaye Ngollo. Alipofikishwa Tabora kwa dada yake, ini lilikuwa limeshaliwa na saratani iliyoletwa na kirusi kile kile, na Advera, aliyekuwa na maneno kwa kila mtu, alikaa kando ya kitanda cha kaka yake akimlowesha midomo kwa pamba.

Wakati huo aliwapima wote nyumbani. Mama yao, Bi Katarina, damu yake ilikuwa safi. Mke wa Silasi na watoto walikuwa wazima na chanjo zao zilikamilika. Akabaki Emilian, mtoto wa mwisho, aliyezaliwa nyumba ilipokuwa imeshadhani imemaliza kuzaa. Emilian alikuwa fundi simu Urambo, kijana mrefu mwenye mabega, na alikuwa mzima kabisa, hana hata chembe ya kirusi. Lakini hakuwa na chanjo, na aliogopa sindano kama mtoto wa kliniki. Kila Advera alipompigia alijibu, "Wiki ijayo, dada." Wiki ijayo ya Emilian haikuwa kwenye kalenda yoyote.

Silasi akafa, wakamzika, na siku ya kuanua matanga ikafika. Advera alijua kitakachofanyika siku hiyo. Babu yao alipokufa, yeye na Silasi wakiwa wadogo, ukoo mzima ulipangwa mstari uani, ukachanjwa chale kifuani kwa wembe mmoja, dawa ikapakwa juu ya damu, ili mauti isirudi kuchukua mwingine. Mama yao ndiye aliyewashika mikono wasirukeruke. Emilian hakuwa amezaliwa. Alipokuja kuzisoma takwimu za utafiti wake mwenyewe, zilizoonyesha kirusi kikipita kwenye nyembe za kuchangia, Advera aliuona mstari ule wa uani kila alipofumba macho, na hakuwahi kumwambia mama yake neno.

Safari hii alijiandaa. Jana yake, kabla ya kuondoka Tabora, alipitia dukani kwa mzee Kassamali, akanunua boksi zima la nyembe mpya.

"Daktari, umefungua saluni?" Kassamali aliuliza.

"Nafungua vichwa vya watu," Advera alijibu. "Ndani yake kuna vumbi."

Misa ilisomwa asubuhi, nzuri, yenye nyimbo. Padri alimsifu Silasi kwa imani yake isiyoyumba, akala, akaaga. Vumbi la pikipiki yake halijatua vizuri, Ngollo akatokea nyuma ya jiko alikokuwa akipata wali tangu saa tatu. Wale wale waliokuwa wameimba "Mtakatifu" kwa sauti nne wakaanza kukunja mikeka na kujipanga. Rozari zilikuwa bado shingoni mwao. Advera aliwatazama akaona aibu kwa niaba ya Mungu.

Ngollo hakuwa mganga wa kutisha. Alivaa shati lililopigwa pasi, alikuwa na simu ya laini mbili, na alizungumza taratibu kama karani wa posta. Hilo ndilo lililomuudhi Advera zaidi. Mjinga mwenye kelele ni rahisi kumnyamazisha, lakini huyu alikupa kiti kwanza.

"Shikamoo, mzee Ngollo," Advera alisema, kwa sababu mama yake alikuwa akimwangalia.

"Marahaba, Daktari. Pole sana kwa msiba. Kaka yako alikuwa mtu."

"Alikuwa mtu hadi alipokuja kwako. Nimeleta nyembe. Kila mtu na wake. Akishakatwa, wembe unatupwa chooni."

Ngollo akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. "Mwanangu, hiyo haiwezekani. Wembe mmoja ndio unaofunga nyumba. Damu za ukoo zinakutana pale kwenye makali, zinakuwa moja. Ukimpa kila mtu wembe wake umewatenganisha, na mauti itapita katikati yao. Mtakuwa mmechanjwa, lakini mmechanjwa bure."

Wazee wakaguna kukubali. Advera akahisi damu inampanda. Aliwaambia kuwa hicho anachokisifu Ngollo, damu kukutana kwenye makali, ndicho hasa kinachowaua. Aliwaambia kuwa kama mauti ingekuwa na akili ingemlipa Ngollo mshahara. Aliwaambia na mengine, na yote yalikuwa kweli, na kila alivyozidi kusema ndivyo nyuso zilivyozidi kufungwa. Ukoo huu ulikuwa umeshachoka kuitwa mjinga na mtu aliyesomeshwa kwa tumbaku yao.

Aliyeleta suluhu alikuwa shangazi yake, Veneranda, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mwenye sauti na mwili wa kuitosha. Huyo alikuwa mwanafunzi bora wa Advera. Siku Advera alipokuja kufundisha habari za homa ya ini ukumbini parokiani, Shangazi Veneranda alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi kuliko wote.

"Kwani tunagombana nini?" alisema sasa. "Mtoto analalamikia nyembe chafu. Yuko sawa, mimi mwenyewe nilimsikia akifundisha. Basi tuchukue wembe mmoja katika hizo zake. Mpya, wa kwenye karatasi. Nyumba itafungwa na usafi utakuwepo."

Uani kukalipuka kwa furaha. Ngollo akasema hakuwa na neno, wembe mpya ni baraka.

"Shangazi!" Advera alisema. "Pale parokiani nilisema nini?"

"Ulisema wembe wenye kutu ni hatari."

"Nilisema damu! Damu, Shangazi. Sikutaja kutu hata mara moja."

"Haya, damu. Wembe huu una damu ya nani? Haujamgusa mtu. Na wewe ndiye mkubwa wa nyumba sasa, Silasi hayupo, kwa hiyo unaanza wewe. Wembe mpya, na wa kwanza kukatwa ni daktari mzima. Uchafu utatoka wapi?"

Wote wakageuka kumtazama, wameridhika na nafsi zao, na kwa mara ya kwanza siku hiyo walimtazama kwa upendo. Walikuwa wamempa alichotaka. Walikuwa wamempa na heshima juu yake.

Mkubwa wa nyumba alitangulia, wengine wakajipanga kwa umri. Advera mbele, kisha baba wadogo na watoto wao, binamu na shemeji, na mwisho kabisa, mdogo kuliko wote, Emilian. Kila damu ya ukoo ingekuwa imeshapita kwenye ule wembe kabla haujamfikia. Na Emilian alikuwa amekwisha kuvua shati. Sindano ya kliniki ilimtoa jasho, lakini wembe wa Ngollo aliukabili kifua mbele.

"Emilian, vaa shati," Advera alisema.

"Dada, ni mila tu. Mara moja tu. Mama anataka."

Mama yao alikuwa ameketi mkekani, mwembamba, kanga ya msiba imemfunika hadi kidevuni. Alikuwa amezika mtoto mmoja na alitaka kuwafungia mlango waliobaki, basi. Ngollo alikuwa ameshaufungua wembe kutoka kwenye karatasi yake.

Gari lilikuwa hapo nje na funguo zilikuwa mkononi. Advera aliona jinsi ingekuwa rahisi kupanda, kurudi Tabora, na kuwasimulia wenzake habari hii Jumatatu, akiigiza sauti ya Ngollo na makofi ya shangazi. Wangecheka sana. Kisha miaka ingepita, na Emilian angekuja kulala kwenye kile kile kitanda cha Silasi, macho ya manjano. Akazirudisha funguo mkobani. Alijiona amekuwa kama wale watu wa miwani ya jua, na akajidharau.

"Wembe ukinipitia mimi," alisema, "haufai tena kumgusa mtu yeyote hapa."

"Kwani wewe mchawi?" binamu mmoja akauliza, watu wakacheka.

"Kirusi kilichomuua Silasi na mimi ninacho. Ninacho miaka yote hii. Nameza dawa kila siku, ndiyo maana mnaniona mzima. Mtu akikatwa baada yangu kwa wembe huo huo, mpya au wa kutu, anaweza kukipata. Na humu kwenye mstari huenda kuna wengine wenye nacho wasiojua. Sasa endeleeni."

Hapakuwa na aliyecheka. Mke wa baba mdogo, aliyekuwa nyuma yake, alirudi nyuma akamkanyaga mtu. Ngollo alibaki ameushika wembe kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, na wembe wenyewe ulikuwa haujamgusa mtu bado.

Aliyezungumza ni Bi Katarina. "Umekipata wapi?"

"Kwa kawaida mtu anayebaki nacho namna hii alikipata utotoni, mama."

"Silasi naye?"

"Silasi naye."

Midomo ya mama yake ilitembea kidogo kana kwamba anahesabu, na Advera aliona mahali hesabu ilipofika. "Ni siku ile ya babu yenu?"

Kama mwenzake wa maabara angemjibu swali la namna hiyo kwa "huenda," Advera angemrarua mbele ya watu. "Haijulikani, mama," alisema. "Huenda."

"Ni mimi niliyewashika."

"Ulikuwa hujui."

"Sikuulizi kama nilijua. Nasema ni mimi niliyewashika." Bi Katarina akainuka kwa kushika bega la mjukuu, akamfuata Ngollo, akanyoosha kiganja. "Nipe."

Ngollo akampa wembe. Hapo ndipo mzee huyo alipokumbuka jambo. Kumbe, alisema, zipo pia njia za kufunga nyumba kwa nyembe nyingi, yeye mwenyewe alikuwa karibu kulisema hilo, ila itabidi aende porini kuchimba mizizi mingine, na mizizi hiyo siku hizi haipatikani kirahisi.

"Leo hakatwi mtu," Bi Katarina alisema.

Ngollo hakubishana. Aliuliza tu, kwa upole wake ule ule, kama jogoo wake wa malipo bado yupo. Akaletewa. Akaondoka naye kwapani, akijibu salamu njiani kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

Emilian alikuwa amevaa shati haraka hadi vifungo vikapishana. Akamkaribia dada yake kwa pembeni. "Hiyo sindano," alisema. "Ni ndefu?"

"Ndefu kama akili yako. Usiogope, ni fupi sana. Kesho asubuhi unapanda gari langu."

"Kesho nina simu za watu..."

"Emilian."

"Kesho, dada. Nimesema kesho."

Chakula kikapakuliwa. Wanawake walikaa kuzunguka sinia kama kawaida, ugali katikati, kisamvu cha karanga na kuku. Advera alinawa, akaja, akakuta nafasi yake imezibwa. Hakuna aliyemfukuza. Walikuwa tu wamesogeleana, mapaja kwa mapaja, wakitazama ugali kwa bidii. Kisha Shangazi Veneranda akatokea jikoni akiwa na sahani ya plastiki ya bluu na kikombe chake, tabasamu hadi sikioni.

"Wewe tumekuwekea yako, mwanangu," alisema. "Ule kwa nafasi."

Huyu ndiye aliyepiga makofi parokiani. Advera alikuwa amesema siku ile, na kwenye vijiji vyote alivyopita alikuwa amesema, kwamba kirusi hiki hakipiti kwenye sahani, hakipiti kwenye kikombe, hakipiti kwa kula pamoja. Alikuwa na maneno ya kumtosha waziri. Alipokea sahani, akasema asante, akaenda kukaa peke yake kwenye kigoda karibu na ghala la mahindi. Iliuma, iliuma kuliko alivyowahi kufikiri akiwacheka waliojificha, na kilichomuudhi ni kwamba alikuwa na njaa.

Bi Katarina alikuwa mbele ya sinia, mkono ameshanawa, hajagusa chakula.

"Wifi," alisema. "Na sahani yangu mimi iko wapi?"

"Yako?" Shangazi Veneranda alisimama na upawa mkononi. "Si unakula hapa na sisi, wifi?"

"Huyo ni mimi niliyemzaa. Nimemnyonyesha, nimemlaza kitandani kwangu, nimekula makombo yake hadi akaenda shule ya bweni. Na damu yangu wamepima, wameiona safi. Sasa kama yeye ana sahani yake, basi mimi nina yangu. Nipe."

Shangazi alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. Watu wote walikuwa wana shughuli na matonge yao.

Bi Katarina hakungoja. Alijiinua, akavuka ua polepole, akaketi chini kando ya kigoda cha binti yake. Akamega ugali kwenye ile sahani ya bluu, akachovya, akala. Alitafuna kwa muda mrefu, maana meno yalikuwa yamebaki machache, akameza, kisha akasema kwa sauti ya kufika jikoni:

"Na mboga yenyewe haina chumvi."